Kelele za Mkanda Mpya

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho, nimebanwa katikati ya benchi na wazee wenzangu, niliposikia mzee mmoja mbele yangu akimwambia muuguzi kwamba feni ya darini ilikuwa na beringi iliyochoka. "Haijafa," alisema, "lakini imeshaanza kuomba msaada." Muuguzi alicheka, na watu wa benchini wakacheka. Mimi nilisimama. Ile sauti nilikuwa sijaisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado ningeitambua hata katikati ya mnada. Nikamwita jina lake, Thadei Komba. Akageuka, akanitazama kwa lile jicho lake linaloona vizuri zaidi, akasema polepole, "Tatu Mkanda." Tulishikana mikono tukasahau kuachiana. Zamu zetu zote mbili zilipita tukiwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, tunakunywa chai ya rangi na kukatizana maneno, na nilipopanda gari kurudi nyumbani jioni nilikuwa sijapimwa jicho hata moja, lakini nilikuwa nauona mwaka ule mzima kama vile umewashiwa taa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukumbini, kwa hiyo mwanga uliokuwa ukiingia ulikuwa ni ule uliobaki baada ya wengine wote kuutumia. Nilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na msumari mkubwa mlangoni ambao nilitundikia ovaroli yangu ya buluu. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima wa Kizaramo, alipoiona ile ovaroli mara ya kwanza aliniuliza mume wangu anafanya kazi wapi. Nikamwambia ni yangu. Akaitazama tena, akashika mkono wa ovaroli uliojaa grisi, akasema, "Basi na wewe ni mume." Jioni ile ile aliniletea kipande cha kinyerezi, ile sabuni ngumu ya kufulia iliyokuwa adimu kama dhahabu, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za mume. Ilikuwa miaka ya foleni. Tulipanga foleni ya sukari, ya mchele, ya kanga, na tulikula ugali wa unga wa njano tuliouita yanga, ambao hata uupike vipi uliendelea kunukia gunia. Ninapowasimulia wajukuu zangu wananihurumia. Sijui niwaeleze vipi kwamba kila asubuhi nilikuwa naamka kabla ya adhana kwa sababu ya furaha ya kwenda kazini.

Kazini kwenyewe kulikuwa mtaa wa Gerezani, hatua chache kutoka kwenye reli, katika uwanja uliozungushiwa mabati ambao ulikuwa mali ya ushirika wa mafundi tisa. Waliuita Spana Moja. Wenyewe walisema ni jina la umoja, lakini Thadei alikuwa akisema ni kwa sababu siku walipoanza walikuwa na spana moja kweli. Mimi nilitoka chuo cha ufundi, msichana peke yangu katika darasa letu, na ushirika ulinipokea kwa mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka ukiisha wanachama wangepiga kura, ama niingie niwe mwenzao, ama nishukuriwe niende zangu. Miezi mitano ya mwanzo waliniweka bohari, kichumba cha mabati pembeni ya shimo la magari, kulinda vipuri ambavyo kwa sehemu kubwa havikuwepo. Lakini bati lina faida yake. Kila kilichosemwa shimoni nilikisikia. Nilijifunza injini nyingi kwa masikio kabla sijazigusa kwa mikono, na nilijifunza pia walivyokuwa wakinizungumzia. Kuna aliyesema mwanamke akishika spana, spana inakuwa mwiko. Kuna aliyejibu, "Na mwiko ndio unaokulisha," na huyo alikuwa Thadei. Alikuwa kijana wa Songea, mrefu, mpole, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, fundi wa umeme wa magari, na ndiye aliyeniazima vitabu vyake vyote viwili.

Mwenyekiti wetu alikuwa Fundi Kondo. Mzee wa miaka kama hamsini na tano, mtu wa pwani, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa ambayo haikutoka kichwani isipokuwa akitia udhu. Alikuwa na mikono ambayo nilikuwa naiangalia kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Alifungua gia boksi akizungumza habari nyingine kabisa, na nati zilitoka zikajipanga juu ya gunia kwa mpangilio ambao angezirudisha. Mwezi wa sita alinitoa bohari akanileta shimoni, akaniambia, "Utanishikia taa, halafu utanishikia spana, halafu tutaona." Nilishika taa wiki mbili tu. Alikuwa mkali, lakini kitu anachokijua hakukificha.

Gari la Sista Editha lilikuja mwezi wangu wa tisa. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, ambalo daktari mmoja wa kigeni alimwachia alipomaliza mkataba akarudi kwao. Sista alikuwa mkunga, mwanamke wa Masasi, mnene, mwenye kucheka kwa sauti, na mtaani kwake Magomeni watu walikuwa wanamgongea dirisha wakati wowote uchungu unapomshika mtu. Tulipofungua boneti, mafundi wote tisa walikuja. Injini zote tulizozijua, taimingi yake, yaani majira ya vali kufunguka, inaendeshwa na mnyororo wa chuma ndani ya mafuta, na ndio unaohakikisha vali za juu na pistoni za chini hazikutani. Hii ilikuwa na mkanda. Mkanda wa raba, wenye meno kwa ndani, unatoka puli ya chini unapanda hadi puli ya juu, na pembeni kuna rola moja yenye springi ya kuukaza. Nilisimama nimeshika mdomo. Nilikuwa nimeusoma tu kitabuni. Fundi Kondo aliugusa kwa kidole, akasema, "Raba ni ya kandambili," na watu wakacheka, lakini mimi niliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa na furaha kama yangu, ila umri wake haukumruhusu kuionyesha.

Mkanda wa zamani ulikuwa umepasuka nyufa mgongoni. Kupata mpya kulichukua miezi miwili, na uliletwa na baharia mmoja, ndugu wa mgonjwa wa Sista, ndani ya begi lake la nguo. Ulikuwa mmoja tu, na hapakuwa na matumaini ya wa pili. Siku ulipofika, Sista alilileta gari saa sita mchana akitokea kazini, injini ikiwa inafuka joto, akasema anaomba aondoke nalo kabla ya alasiri maana kuna mama anamtegemea. Fundi Kondo alifanya kazi ile kwa mikono yake na mimi pembeni yake. Tulipanga alama za puli, tukatoa mkanda wa zamani, tukavalisha mpya, springi ikasukuma rola, akakaza nati. Akawasha. Kimya kabisa. Sista alitoka getini anapunga mkono, na mafundi wakapiga makofi. Sisi, watu wa mnyororo, tumefunga mkanda wa raba. Siku hiyo tulikula wali na nguru wa kukaanga gengeni, na Fundi Kondo alikula polepole kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Baada ya siku tatu Sista alirudi. "Fundi, shikamoo. Gari linapiga kelele."

"Marahaba. Kelele gani?"

"Kama mtu anayekung'uta nguo mbichi. Pa, pa, pa, pa. Mbele pale."

Fundi Kondo aliwasha, akasikiliza, akaongeza mafuta kwa mkono, akasikiliza tena. Injini ilikuwa inanguruma kwa raha zake. Akamwambia mkanda mpya una ugeni wake, utazoea. Sista akaondoka. Wiki ile ile akarudi, kelele ile ile, na tena gari lilipofika kwetu lilikuwa kimya. Nikiwa bohari natafuta gasketi nilimsikia fundi mmoja akisema, "Mwanamke akisema gari linalia, ujue yeye ndiye mwenye la kusema." Wakacheka wote, na Fundi Kondo alicheka nao. Ili kumridhisha, alichukua mtalimbo mdogo, akaisukuma ile rola kwa nguvu, akakaza. Sista alirudi baada ya siku mbili, na safari hii hata sisi tulisikia. Gari lilikuwa linalia wiii, sauti nyembamba, na kila lilipoongezwa mafuta sauti ilipanda, kama mbu anayekufuata kwenye chandarua. "Mmenitolea kelele moja mmenipa nyingine," alisema Sista, bila hasira. Fundi Kondo akalegeza kidogo. Mbu akanyamaza. Na baada ya siku mbili, nani yuko getini? Nguo mbichi zimerudi.

Nimeishi na injini tangu wakati ule, na kama kuna jambo nililojifunza kupita mengine ni kwamba kelele ina saa zake. Lakini wakati ule sikulijua. Nilijua tu kwamba Sista hakuwa mwongo. Nilimfuata getini siku ile nikamwomba aniambie tangu mwanzo, na nikanyamaza. Alinitazama kwa mshangao, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwomba amalize.

"Asubuhi nikiwasha tu, mwanangu. Linapiga pale pale. Natoka nyumbani linapiga, napita msikitini linapiga, nikifika bonde la Jangwani linaanza kuchoka. Nikipanda huku kwenu limenyamaza."

"Na ile ya mbu?"

"Ile ilikuwa kinyume. Asubuhi kimya, mchana ndio inalia. Na kitu kingine, sijui kama ni muhimu. Tangu jana gari zito. Linapanda kwa kuvutwa."

Nilirudi shimoni kichwa kinaniwaka. Siku tulipolifungua kulegeza mkanda nilikuwa nimeshaweka bisibisi ndefu kwenye sikio na ncha yake kwenye rola, kisha kwenye pampu ya maji, ili kusikia kama kuna beringi inayosaga. Zote zilikuwa nzima. Na ndani ya kifuniko cha bati kinachofunika mkanda nilikuwa nimeona mstari unaong'aa na vumbi jeusi la raba. Mkanda ulikuwa unapiga kifuniko, hilo halikuwa na shaka. Sasa kwa nini asubuhi tu?

Jibu lilikuja gengeni, juu ya sahani ya maharage. Mama wa genge alikuwa na mabenchi mawili karibu na uzio wa reli, na wafanyakazi wa reli walikula pamoja na sisi. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye nyundo ndefu ya kugongea vyuma, alikuwa anabishana na mwenzake mgeni aliyetaka kujua kwa nini vipande vya reli vinaachiwa nafasi katikati. "Ndugu yangu," alimwambia, "chuma kikipata jua kinarefuka. Ukikibananisha asubuhi, saa nane mchana kinapinda kama nyoka. Reli ya asubuhi si reli ya mchana." Niliweka kijiko chini. Thadei aliniuliza kama maharage yana jiwe. Nikamwambia, "Thadei, tuliukaza mchana."

"Tuliukaza nini?"

"Mkanda. Injini ikiwa ya moto imetanuka, puli zinaachana. Ikilala inapoa, inasinyaa, puli zinasogeleana, mkanda unalegea. Asubuhi unapiga. Ikipata moto unajikaza tena, unanyamaza, na ndio wakati inafika kwetu. Tulipoukaza sana ukawa unalia ukipata moto. Sista amesema kweli mara zote."

Thadei alitazama kama kuna anayesikia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kura yako ni Jumamosi."

"Najua."

"Leo Jumatano. Unataka kwenda kumwambia mwenyekiti, mbele ya watu, kwamba mkunga anajua mkanda kuliko yeye. Nyamaza siku tatu tu, Tatu. Jumatatu utasema ukiwa mwanachama."

Alikuwa ananitakia mema, na mwezi uliopita pale kwenye kivuli cha ukuta alinikumbusha maneno yale yale huku anatikisa kichwa. Lakini Sista alikuwa na barua ya uhamisho. Jumamosi asubuhi alikuwa anaondoka na gari lile kwenda kijiji kimoja cha ujamaa huko ndani, kupita Lugoba, kufungua zahanati mpya, na njia yote ile hapakuwa na fundi wa kumkimbilia. Kama gari lilikuwa zito, basi huenda mkanda ulikuwa umeshaanza kuruka meno. Ukiruka jino moja injini inakosa nguvu. Ukiruka zaidi, vali zinashuka wakati pistoni zinapanda, na hapo huna injini tena, una chuma chakavu.

Mchana ule ule nilimwambia Fundi Kondo. Nilijaribu kusema kwa adabu na peke yetu, lakini shimoni hakuna peke yetu. Alinisikiliza akipangusa mikono yake kwa tambara. "Binti," alisema, "nimefungua injini kabla wewe hujazaliwa. Moto na baridi navijua."

"Najua, Fundi. Naomba twende tu Magomeni alfajiri tukaisikilize ikiwa imelala."

"Gari ndilo linakuja kwa fundi. Fundi haendi kulala na gari." Watu wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi nilikwenda peke yangu. Nilitembea kutoka Msimbazi, nikavuka bonde, nikafika Magomeni kukiwa kunapambazuka, wanawake wanafagia mbele ya nyumba. Gari lilikuwa uani, chini ya paa la makuti, limelowa umande. Nilimwomba Sista awashe. Na nikaisikia. Pa, pa, pa, pa, mbele pale, kama alivyosema. Sijui nieleze vipi. Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia. Nikamwambia azime, na halafu nikasema jambo ambalo sikuwa na mamlaka nalo hata kidogo. Nilimwambia, "Sista, usiliwashe tena gari hili mpaka nirudi. Nenda kazini kwa miguu."

Fundi Kondo alipoambiwa hakupandisha sauti. "Umelizuia gari la mteja. Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri yangu, Fundi. Na haliwezi kuletwa hapa. Likitembea litapata moto, na likipata moto hatutaona kitu. Lazima litengenezwe pale pale lilipolala."

Karakana nzima ilikuwa imesimama. Aliitazama saa yake, akatazama getini, akaniambia, "Kesho alfajiri. Na kama hakuna kitu, Jumamosi usije."

Usiku sikulala vizuri, lakini si kwa hofu. Nilikuwa kama mtoto anayesubiri Idi. Fundi Kondo alikuja kwa baiskeli, sanduku la spana limefungwa kwenye kiti cha nyuma. Sista alikuwa ameshaandaa chai na vitumbua kwenye mkeka, na majirani wanne watano walikuwa wamejitokeza, maana habari za Magomeni hazihitaji tarumbeta. Tulikunywa chai tukilitazama gari. "Nimesubiri watoto wengi," alisema Sista, "lakini gari sijawahi kulisubiri." Fundi Kondo alitabasamu kidogo kwa shida. Akasema, "Washa." Nikamwambia naogopa mkanda utaruka meno zaidi. Akasema, "Nataka kusikia."

Sista aliwasha. Pa, pa, pa, pa. Zilipita sekunde tano, labda sita. Fundi Kondo alinyosha mkono. "Zima," alisema. Akavua kofia yake, akaipangusia uso, akaivaa tena. Akafungua sanduku.

Kifuniko kilipotoka alinisogezea nafasi. "Pinda," aliniambia. Nilishika mkanda kwa kidole gumba na cha shahada, pale kwenye urefu wake mkubwa kati ya puli mbili, nikaupinda kwa kuusokota. Mkanda uliokazwa sawasawa unapindika robo ya mzunguko tu, unasimama wima kama ukingo wa sahani. Huu ulipinda nusu nzima ukanionyesha mgongo wake, na ungeendelea. Akaupinda yeye. Halafu aliinama kwenye alama za puli, akazitazama muda mrefu, akaniita nitazame. Puli ya juu ilikuwa nyuma kwa jino moja. "Umesharuka," alisema. Na baadaye kidogo, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Angefika Chalinze huyu? Asingefika."

Tuliifanya kazi ile pamoja, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anashika taa, ingawa jua lilikuwa limeshatoka na taa haikuhitajika. Nilirudisha alama mahali pake. Nilikagua mkanda jino kwa jino, nikashukuru, kwa sababu ulikuwa mzima. Nililegeza nati ya rola ili springi isukume yenyewe, bila mtalimbo. Kisha niliizungusha injini kwa spana, kwa mkono, kuelekea upande inakozungukia, mizunguko miwili kamili, ili mkanda ujikalie vizuri kwenye meno yote. Hilo nalo tuliliruka mara ya kwanza kwa haraka. Fundi Kondo alihesabu mizunguko kwa sauti. Alama zilikutana. Nikakaza nati. Nikaupinda mkanda, ukasimama robo, na nilipoachia ulirudi kwa mlio mfupi mkavu ambao nilihisi mpaka kwenye meno yangu.

Sista aliwasha. Tulisikia kuku wa jirani. Tulisikia mtu anachota maji. Tukaliacha lipate moto, tukaenda nalo mpaka karibu na Ubungo na kurudi, Fundi Kondo ameweka sikio dirishani, na yule mbu hakuja. Kisha tukaliacha lipoe siku nzima na usiku kucha. Jumamosi alfajiri nilikwenda tena kuhakikisha. Lilikuwa limepakiwa godoro, mizani ya kupimia watoto, na makasha ya dawa. Likawaka kimya. Sista alinikumbatia akiwa bado amekaa kwenye usukani, kwa hiyo nilipiga kichwa kwenye paa, akacheka, akaenda zake. Miezi minne baadaye dereva wa lori la pamba alileta salamu zake Gerezani, kwamba zahanati imefunguliwa na gari linakwenda.

Mkutano ulikuwa saa tano asubuhi ile. Mtu anayepigiwa kura hukaa nje, lakini Fundi Kondo aliniambia nibaki nisimame pale. Alisema, "Ndugu wanachama, kabla ya kura nina neno. Ule mkanda niliukaza mimi, injini ikiwa ya moto. Mteja alinieleza mara nne, nikasema ni ugeni wa mkanda. Huyu alinieleza mara moja, nikamfanya kichekesho mbele yenu. Injini ingekufa, na pengine na mtu. Nilikosa." Akakaa. Nimewaona wakubwa wengi maishani mwangu, wa serikalini na wa makampuni, na kukwepa kusema neno lile dogo nimekuona mara nyingi kuliko nilivyolisikia neno lenyewe. Mikono ilipopanda ilikuwa minane. Yule aliyesema habari za mwiko aliuweka wake mapajani, na mpaka leo namheshimu kwa kutojifanya.

Jumatatu saa mbili aliingia dereva wa lori la kubeba kokoto. Alikuwa amekasirika kabla hajafika, kama mtu aliyezoea kutosikilizwa. Alisema lori lake linagonga likiwa kwenye mlima tu, likiteremka linanyamaza, na likifika gereji yoyote linakuwa kama malaika. Mafundi wawili walitazamana wakaanza kutabasamu. Fundi Kondo aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mlima upi?" alimwuliza.

"Wa Pugu, Mzee."

Fundi Kondo alipanda ndani ya lori, akasogea hadi katikati karibu na gia, ili mimi nipate nafasi ya dirishani.